Magoti yanavimba, mafua hayakomi: ninywe magnesiamu?

SWALI: Nina miaka 44, naishi Chamwino. Magoti hunivimba na mafua hayanikomi. Jirani kanishauri vidonge vya magnesiamu. Vitanifaa?

JIBU: Pole sana, mama. Anza na zahanati: goti linalovimba lina sababu nyingi, na kidonge kinaweza kuificha tu.

Magnesiamu ni madini yaliyomo kwenye chakula. Ikipungua mwilini, kalsiamu huingia kwenye seli za kinga kupita kiasi, nazo huchochea uvimbe. Vitamini D nayo haifanyi kazi bila magnesiamu, hata ushinde juani. Ila kama unayo ya kutosha, kuongeza hakukupi kinga zaidi.

Mwanamke wa umri wako anahitaji miligramu 320 kwa siku, na Dodoma chakula chake kipo. Saga uwele au mtama bila kukoboa, maana magnesiamu nyingi imo kwenye pumba na kiini, vile tunavyowapa kuku! Gramu 30 za mbegu za maboga zilizokaangwa, yaani kiganja kimoja, zina takriban miligramu 150. Karanga kiasi hichohicho, kama 50. Mlenda na majani ya kunde pia ni mazuri. Usimwage maji uliyochemshia.

Vidonge vikizidi huharisha. Mwenye figo dhaifu asivinywe bila daktari, kwani magnesiamu hujaa kwenye damu na kuvuruga mapigo ya moyo. Ukiwa kwenye dozi ya antibiotiki za doksisaiklini au siprofloksasini, meza dawa hiyo saa 2 kabla ya magnesiamu, la sivyo hainyonywi vizuri.