Ukiambiwa "Anaendelea Vizuri", Fungua Daftari

Nina duka la vyakula Tabata, na kama kila mwenye duka la mtaani, nina daftari la madeni. Mbele kuna majina ya watu na unga wao, sukari yao, mafuta yao ya kupima. Ukiligeuza ukaanzia nyuma, unamkuta mwanangu wa kwanza, tangu usiku alipoanguka na bodaboda hadi siku alipofunga vifungo vya shati mwenyewe. Sikupanga iwe hivyo. Usiku ule hilo ndilo lililokuwa kwenye mkoba.

Nianze na kosa langu. Kijana aliinuka pale barabarani, akajipangusa vumbi, akatembea mpaka nyumbani. Akalalamika kichwa, nikampa panadoli, akalala. Saa tano usiku nikamsikia anatapika. Nilipommulika na tochi ya simu, mboni ya jicho moja ilikuwa kubwa kuliko ya pili. Baadaye dokta alinieleza kwamba mshipa ukikatika chini ya fuvu, damu inaweza kujikusanya taratibu kwa saa kadhaa huku mtu anaongea na kucheka. Kwa hiyo mtu aliyegonga kichwa akazimia hata dakika moja, au anatapika, au anasinzia kuliko kawaida, au anachanganya maneno, usimwache "apumzike kwanza". Mpeleke. Kofia ngumu ya abiria, kama unajiuliza, ilikuwepo. Ilikuwa inaning'inia kwenye kiwiko cha dereva.

Hospitali tuliyoanzia sitaitaja. Niliulizwa PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi, nikaifuata kituoni mwenyewe, niliporudi nikamkuta mwanangu palepale kwenye machela. Siku hizi nawaambia watu watoke nyumbani watatu: mmoja akimbilie PF3, mmoja ashike hela na simu, na yule mwenye sauti tulivu kuliko wote asibanduke kwa mgonjwa.

Tulihamishiwa kwingine, akapasuliwa alfajiri. Akakaa siku kumi na moja chumba cha mahututi, kisha wodini. Huko wodini kila asubuhi nilipokewa na neno lilelile: "Mama, mgonjwa wako anaendelea vizuri." Nashukuru, naacha nguo safi, narudi dukani. Siku ya nane nikiwa namsaidia sista kubadilisha shuka, nikasikia harufu. Chini ya mgongo, juu kidogo ya makalio, ngozi ilikuwa imefunguka upana wa sarafu ya mia mbili, kingo zake nyeusi. Asubuhi hiyohiyo nilikuwa nimeambiwa anaendelea vizuri.

Kilikuwa kidonda cha kulalia. Mtu asiyeweza kujigeuza anatakiwa ageuzwe kila baada ya saa mbili hivi, mchana na usiku. Sista simlaumu, usiku walikuwa wawili kwa wodi nzima. Ninacholaumu ni kwamba kazi ile tuliachiwa sisi ndugu kimyakimya, na hakuna aliyetuambia kuwa ni yetu.

Tangu siku hiyo nikaacha kuuliza "anaendeleaje". Nikawa nauliza: mara ya mwisho kageuzwa saa ngapi? Mkojo umetoka kiasi gani? Dawa ya kuzuia degedege ya saa mbili usiku kapewa? Leo ana alama ngapi? Hilo la alama ndilo lililowafanya madaktari waanze kunitazama usoni. Wana kipimo chao cha fahamu, kinaanzia 3 na mwisho wake ni 15: macho yana 4, maneno 5, mwitikio wa viungo 6. Mwanangu alifika na 7. Mimi naandika tu, kama ninavyoandika unga: 9, 9, 10, 10, 11. Kisha asubuhi moja, 9. Dokta wa zamu alikuwa mgeni, hajui jana yake ilikuwaje. Nikamfungulia daftari, akasimama pale kitandani akasoma, akaweka kifaa kifuani, akaagiza picha ya mapafu. Homa ya mapafu.

Na chanzo tulikijua. Shangazi yake alikuwa ametoka Temeke na chupa ya uji wa ulezi, kwa mapenzi yote, akamnywesha vijiko vitatu akiwa chali. Ubongo ukiumia, hata kumeza kunaweza kusahaulika, na uji ukapita njia ya hewa. Asipewe kitu mdomoni, hata maji, kabla wataalamu hawajampima kama anameza. Akilishwa kwa mpira wa puani, kichwa cha kitanda kiinuliwe na asilazwe bapa mara baada ya chakula. Nikabandika karatasi ukutani: HALISHWI KWA MDOMO. Wifi alininunia wiki mbili.

Kupiga kelele nako nilijaribu, nisikufiche. Siku ya kidonda nilifoka mpaka wodi ikanyamaza. Sista akanisikiliza hadi mwisho, akasema, "Sawa mama," na baada ya hapo kitanda chetu kikawa kinapitwa haraka kama jalala. Kilichosaidia ni barua. Tulikuwa familia sita zenye wagonjwa wa kichwa, tunakutana ngazini kila mchana na hotipoti zetu. Tukaandika ukurasa mmoja kwa metroni, yule mkuu wa wauguzi, bila jina la muuguzi yeyote, tukaomba mawili tu: karatasi ya saa za kugeuza kwenye kila kitanda, aliyegeuza asaini, na nusu saa kwa wiki mtu atufundishe kugeuza, kulisha na kunyoosha viungo. Nakala tukapeleka ofisi ya ustawi wa jamii.

Wiki nzima kimya. Mzee mmoja wa Mbagala, mwanawe dereva wa lori, akajipa kazi ya kupita kwa metroni kila asubuhi. "Mama, umeamkaje? Na ile barua yetu imeamkaje?" Basi. Hakudai, hakununa. Siku ya tisa karatasi zikatundikwa. Mafunzo yalifanyika mara tatu, yakafa fizio, yule wa mazoezi ya viungo, alipohamishwa, na hilo bado linaniuma.

Hiyo ofisi ya ustawi wa jamii wengi wanaipita wakidhani ni ya mayatima. Kama gharama zinakushinda, ingia mapema na barua ya serikali ya mtaa, usisubiri siku ya kuruhusiwa ndipo uanze kulia dirishani.

Siku hiyo ikifika, ondoka na maelezo ya matibabu kwa maandishi, picha za siti skani, na tarehe za kliniki na fizio. Dawa za degedege usizikatishe kwa akili yako eti hajaanguka muda mrefu. Halafu muulize dokta jambo ambalo mimi sikuambiwa: tabia itakuwaje?

Maana aliyerudi nyumbani anatembea, anakula, watu wanapiga vigelegele, kisha anamrushia mdogo wake kikombe cha chai kwa sababu ya redio. Matusi ambayo sikumlea nayo. Mama mmoja mtaani akanivuta pembeni: hapo kuna mkono wa mtu, kamtazamishie. Ningekuwa sijaambiwa kliniki kwamba sehemu ya mbele ya ubongo ndiyo breki ya mtu, ningekwenda. Tulizima redio, tukapunguza wageni, tukampa kazi moja kwa wakati na usingizi wa mchana. Vifungo vya shati vilichukua miezi minne.

Sasa anakaa dukani na mimi, anapima sukari, hela simpi ashike. Juzi alifungua daftari kwa upande wa nyuma akasoma kwa kidole. "Mama, huyu wa 9, 9, 10 ni nani? Anadaiwa nini?" Nikamwambia ni yeye. Akacheka sana. Tulipomaliza chai akalifungua tena, akaniuliza tena.