Muhogo na viazi vikizidi mahitaji ya nyumbani

Anayeanza kulima huku Muheza au Pangani, akiona muhogo umekomaa, hung'oa shamba zima kwa siku moja. Usifanye hivyo. Ghala la kwanza la muhogo ni udongo wenyewe: kwenye kichanga kisichotuamisha maji unakaa miezi kadhaa. Tatizo ni kwamba unazidi kuwa na nyuzi, na panya na nguruwe pori nao wanaujua. Masika yakituamisha maji, ng'oa, maana utaoza.

Ukishang'olewa, ndani ya siku 1 hadi 3 unapiga mistari ya bluu na nyeusi, kuanzia pale ulipokatika au kuchubuka, kwa kuwa hewa imeingia kwenye kidonda. Basi chimbua taratibu na uuache na kikonyo chake. Kama siku ya kuuza inajulikana, wiki 2 kabla kata mashina ubakize sentimita 20 hadi 30, hautaharibika haraka. Ila wanga hupungua kidogo, na mpishi wa muhogo wa nazi atakuuliza.

Wa kula wiki tatu nne zijazo, upange kwenye sanduku la vumbi la mbao siku ileile ya kung'oa, mmoja usigusane na mwingine, kisha funika na weka kivulini. Vumbi liwe na unyevu: ukilifumba mkononi lishikane, lakini maji yasichuruzike. Likikauka, mistari inarudi. Likilowa sana, muhogo unaoza.

Uliobaki fanya makopa. Menya, osha, kata vipande vyembamba, anika juu ya kichanja. Anua kabla ya magharibi, kwani hewa ya pwani usiku inarudisha unyevu wote. Kopa kavu huvunjika kwa mlio, likipinda, bado. Ukikuta unga laini chini ya kiroba, dumuzi, mdudu anayetoboa makopa, ameshaingia. Muhogo mchungu loweka siku 3 au 4 kwanza, kwa sababu kuanika peke yake hakuondoi sumu ya kutosha.

Viazi vitamu vyenyewe hupona vidonda. Visioshwe, vitandaze kivulini, vifunike kwa magunia siku 4 hadi 7, ngozi ikaze, ndipo uvihifadhi penye hewa. Friji hapana: chini ya nyuzijoto 12 kiini huwa kigumu hata ukichemsha. Kiazi chenye matundu ya fukuzi, mdudu anayetoboa viazi, kitoe mapema. Uchungu wake husambaa hadi sehemu inayoonekana nzima, na fukuzi huhamia kwa wenzake. Usimpe ng'ombe pia. Kifukie mbali na matuta.