Re: Deion Sanders alicheza kweli au ni mdomo tu?
Mkuu umeuliza kama Deion Sanders, huyu kocha wa futiboli ya Kimarekani wa chuo kikuu cha Colorado, aliwahi kucheza au anabebwa na miwani na makelele, aisee jamaa alikuwa moto. Atlanta Falcons ya NFL, ligi kuu ya kulipwa, walimchukua 1989 akiwa namba 5 kwenye drafti (timu zinavyochagua wachezaji wapya kwa zamu), kazi yake beki wa pembeni, yaani unapewa risiva (mdakaji wa pasi) mkali wa timu pinzani unamganda mechi nzima, na upande wake makocha wengi walikuwa hawataki hata mpira urushwe huko. Akabeba Super Bowl, yaani fainali ya NFL, na timu ya 49ers, msimu uliofuata akahamia Cowboys akabeba tena. Na hapo hapo alikuwa anacheza besiboli ya kulipwa, 1992 kafika World Series, fainali ya besiboli, na timu ya Braves, hakuna mwingine aliyecheza fainali zote mbili. Hall of Fame, orodha ya heshima ya magwiji wa futiboli, kaingia 2011.

Ukocha wa chuo ndo alianzia Jackson State kule Mississippi, chuo cha Weusi, bajeti ndogo, akabeba ubingwa wa SWAC, ligi yao ya vyuo, 2021 na 2022. Colorado alikuta timu imetoka kushinda mechi 1 tu kati ya 12, akafumua kikosi karibu chote, mwaka wa kwanza 4-8 (kushinda 4, kupoteza 8), wa pili 9-4 na mchezaji wake Travis Hunter akachukua Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo.

Ila 2025 wameporomoka hadi 3-9, Hunter na Shedeur, mwanae Deion, washaenda NFL. Kwa hiyo uchezaji sina ubishi nao, ukocha ndo bado tunajadili hahaa