Kwa Wewe Unayeanza Kazi ya Masaji Katika Spa ya Hoteli

Mgeni aliyelipia siku nzima katika spa ya hoteli ya kifahari hufika na ratiba iliyojaa: sauna, chumba cha mvuke, bwawa la maji moto, masaji, kisha matunzo ya uso. Huenda ukadhani kwamba jukumu lako linaanza anapolala kitandani, lakini kazi hii imenifunza kwamba sehemu yake nzito hufanyika kabla ya mkono kugusa ngozi, katika zile dakika chache za maswali ambazo wengi wetu huzifupisha kwa sababu mgeni mwingine anasubiri.

Nilizifupisha mimi pia. Nikiwa na miezi michache kazini, nilipokea fomu ya mgeni, nikaiweka kando bila kuisoma, nikamimina mafuta ya lozi kiganjani na kuanza na mgongo. Haukupita muda vipele vyekundu vikaanza kutokeza, vikifuata njia ileile vilipopita vidole vyangu, ilhali kwenye fomu, kwa mwandiko mzuri kabisa, alikuwa ameandika kwamba ana mzio wa lozi. Tulimsafisha, akaitwa daktari, akapata nafuu. Tangu siku hiyo fomu huisoma kwa sauti mbele ya mwenyewe.

Basi uliza kuhusu mzio, ujauzito, shinikizo la damu, upasuaji wa karibuni na pombe. Ukiona mguu mmoja umevimba, una joto na unauma, usiukande hata akisisitiza, kwa kuwa huenda damu imeganda ndani ya mshipa, na donge hilo likibanduka laweza kusafiri hadi kwenye mapafu. Mwelekeze kwa daktari.

Uliza pia ametoka chumba gani. Sauna mara nyingi huwa na joto la nyuzi 80 hadi 90 za Selsiasi, na aliyepitisha dakika 15 humo huja kwako mishipa imetanuka na maji mwilini yamepungua, hivyo akiinuka ghafla baada ya masaji hushikwa na kizunguzungu. Mpe maji, umwache aketi kwanza ukingoni mwa kitanda.

Mikono yako nayo ni mtaji: egemeza uzito wa mwili, usitegemee dole gumba peke yake.

Kuhusu stara, funua sehemu unayoikanda tu. Mgeni anapogeuka, inua shuka hadi usawa wa macho yako, ili usimwone, naye ajue kwamba humwoni.