Leseni ya Mfamasia Haikodishwi

Swali: Mimi ni mfamasia niliyesajiliwa. Mwenye duka la dawa anataka kutundika leseni yangu ukutani na kunilipa kila mwezi, ingawa sitakuwapo kazini. Nikikubali, nitaadhibiwaje?

Jibu: Usikubali. Leseni hutolewa kwa mtu binafsi, hivyo kuikodisha ni kosa la kinidhamu na, katika nchi nyingi, la jinai pia: baraza la taaluma linaweza kukusimamisha au kukufuta katika orodha ya wafamasia, na mahakama ikakutoza faini au kukufunga, huku duka nalo likifungwa. Linalosahaulika ni dai la fidia. Mgonjwa akidhurika kwa dozi aliyopewa na muuzaji asiye na sifa, jina lililoandikwa kama msimamizi ni lako, na kujitetea kwamba hukuwapo ni kukiri kosa lenyewe.