Kabla Hujanunua Pampu ya Stelingi, Toa Upepo

Gari linalolia "ngwiii" kila ukikata stelingi, ukilipeleka gereji hapa Ngamiani, Tanga, jibu la haraka ni kwamba pampu imekufa. Huenda kweli. Lakini kama limeanza kulia baada ya kubadilishiwa paipu au oili kumwagika, mimi situmi mtu kutafuta pampu. Naanza na upepo, yaani hewa iliyoingia kwenye oili ya stelingi.

Kwanza hakikisha stelingi yako ni ya oili. Passo na wenzake wanatumia umeme, hakuna cha kutoa. Hiace na Corolla za zamani ndizo zenye kopo la oili ya stelingi.

Fungua kopo injini ikiwa imewaka. Oili yenye povu, au iliyopauka kama chai ya maziwa, ina upepo. Kisha zima injini huku ukiangalia usawa wake. Oili haibaniki, upepo unabanika. Presha ikiondoka, upepo hutanuka na kuisukuma oili juu. Kwa Toyota, ikipanda zaidi ya milimita 5 ujue kazi ipo.

Sasa subira. Inua magurudumu ya mbele, uyaweke kwenye stendi imara, maana jeki peke yake si ya kuiamini. Jaza oili mpaka alama ya COLD, ile ya oili ikiwa baridi. Injini ikiwa IMEZIMWA, zungusha stelingi polepole kutoka mwisho wa kushoto mpaka mwisho wa kulia, mara 10 hadi 20. Msaidizi akae na kopo, aongeze kila oili inaposhuka. Ikiisha koponi, mmevuta upepo mpya. Vijana wengi wanaruka hapa, wanawasha gari moja kwa moja. Pampu ikizunguka inaupiga ule upepo unakuwa povu laini, na povu halitoki upesi. Likishatokea, zima gari ukanywe kahawa, povu lipande lenyewe.

Oili ikitulia, washa bila kukanyaga mafuta, rudia kuzungusha. Ukifika mwisho using'ang'anie pale zaidi ya sekunde 2 au 3, presha na joto vinapanda sana. Shusha gari, zima injini upime tena kama oili inapanda.

Kuhusu oili: soma kifuniko cha kopo. Toyota nyingi za zamani zinakunywa ATF, yaani oili ya giaboksi ya otomatiki, aina ya Dexron II au III, Honda wana yao. Usichanganye kwa kuwa duka la jirani lina chupa moja tu.

Na usipande kona za Mombo kwenda Lushoto na stelingi inayolia, ukisema utashughulikia ukirudi. Oili hiyo ndiyo inayolainisha pampu. Ikiwa povu, pampu nzima inaweza kufa njiani.

Upepo ukirudi baada ya siku chache, tafuta unapoingilia. Mara nyingi ni paipu ya kunyonya, ile kati ya kopo na pampu. Hii inachanganya watu kwa sababu inaweza kuvuta upepo bila kudondosha hata tone chini. Chumvi ya bahari hapa Tanga inakula klempu, kile kibano cha paipu, na mpira wa paipu ukizeeka unakakamaa. Badilisha klempu na oringi (kipete cha mpira cha kuzibia kiungo), angalia chujio la kopo kama limeziba, kisha rudia kutoa upepo. Oili ikiwa safi, haina povu, na bado inalia, hapo sasa kaa na fundi mpatane bei ya pampu.