Si litayeyuka tu? Mwanangu kapanda sanamu la barafu

SWALI: Shangazi shikamoo. Mi niko Ottawa, Kanada, huku kila mwezi wa pili kuna tamasha la baridi linaitwa Winterlude, mafundi wanachonga masanamu ya barafu mpaka unashangaa. Basi nikapeleka watoto, huyu wa miaka sita akapanda mgongoni kwa dubu, nikawa nampiga picha, mara mama mmoja akanijia juu eti tunaharibu kazi za watu. Nikamjibu si litayeyuka tu wiki ijayo! Halafu ng'ambo ya mto, Gatineau, kuna slaidi za theluji watoto wanateleza kutwa nzima hakuna anayeulizwa. Mume wangu anasema nilimjibu vizuri. – Mama wa wawili

JIBU: Marahaba mwanangu. Mumeo lazima akutetee, mnalala nyumba moja. Mimi niko mbali so nakwambia ukweli, hapo ulikosea, ingawa huyo mama naye kukufokea mbele ya watoto sio adabu.

Slaidi imejengwa ipandwe, ina ngazi, ina kingo, kuna mtu anasimamia foleni. Hata Harbin kule China, wanakokata barafu ya mto Songhua wakajenga mji mzima, wana slaidi kubwa za barafu na watu wanateleza kwa raha zao. Dubu wako alichongwa atazamwe, basi.

Hiyo ya "litayeyuka tu" ndo imenichekesha. Hina ya bibi harusi nayo si inafutika, mbona hakuna anayemshika mkono haijakauka? Fundi anajua kazi yake ina siku chache, kwa hiyo kila siku unayompunguzia ni kubwa kwake. Na buti za mtoto huko kwenu zinabeba nini? Chumvi ya barabarani, ile ile wanayomwaga kuyeyusha barafu, yaani kila alipokanyaga kaacha dawa ya kumla dubu.

Ila mi hata dubu namuweka pembeni, namuwazia mwanao. Mita moja ya ujazo ya barafu ina kama kilo 900, na hayo masanamu makubwa mara nyingi ni vipande vimegandishwa pamoja kwa maji, jua likipiga maungio yanalegea na wewe kwa macho huoni kitu. Novemba 2019 jijini Luxembourg, kwenye soko la Krismasi, sanamu la barafu liliporomoka likaua mtoto wa miaka miwili. Kwa hiyo hata kama hakuna kamba wala kibao, uliza wahusika kwanza, wakikwambia panda, panda mpige picha hata mia.

SWALI: Shangazi, mi mwalimu. Tulipeleka wanafunzi Kilwa Kisiwani, vijana wakakwea ukuta wa Husuni Kubwa, lile gofu la kasri la sultani, wapige selfi, muongoza wageni akawaka kweli kweli. Ukuta umesimama miaka 700, leo uangushwe na mtoto wa form two? – Mwalimu, Lindi

JIBU: Mwalimu, huyo muongozaji mpigie simu umshukuru. Zile kuta ni mawe ya matumbawe na chokaa, mtoto akikanyaga juu jiwe linalegea, mvua inaingia kwenye ufa, mizizi inafuata, na ukuta unakuja kuanguka mwaka mwingine kabisa wakati we na form two yako mmeshasahau. Kilwa iliingia urithi wa dunia 1981, ikafika 2004 ikawekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, na kutoka humo mpaka 2014 baada ya watu kuzikarabati hizo kuta miaka na miaka. Dubu wa Ottawa mwakani atachongwa mwingine, sasa Husuni Kubwa nani atakujengea? Selfi wapigie chini, na safari ijayo hayo maneno wape kabla hamjapanda boti, mkishafika kila mtu ameshatoa simu hakusikilizi mtu.